Barua ya wazi kwa Waziri na Ofisi ya Hakimiliki: hadithi zetu zinauzwa mtandaoni, sisi hatulipwi

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya habari, utamaduni na sanaa,
Kwa Mtendaji Mkuu, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA),
Nakala: wahariri na wamiliki wa magazeti.

YAH: HADITHI NA MAKALA ZA WAANDISHI WA KUJITEGEMEA KUUZWA MTANDAONI BILA RIDHAA WALA MALIPO

Waheshimiwa, salaam kutoka Tanga.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, mkazi wa Ngamiani. Sina ajira kwenye gazeti lolote wala bima ya afya ya mwajiri. Naandika makala za uchumi na utamaduni wa mwambao, na hadithi za mfululizo, zile zinazotoka kurasa za katikati za magazeti ya mwisho wa wiki na kuishia na "Itaendelea". Gazeti likiipenda kazi linaichapa, likiichapa linalipa, tena mara moja. Mapatano yenyewe mara nyingi ni ya mdomo au ya ujumbe mfupi wa simu: "Tuma, nafasi ipo Jumapili." Nawaandikia kwa niaba yangu mwenyewe, lakini wapo wenzangu wengi mkoani hapa ambao wangesaini barua hii kama si hofu ya kunyimwa nafasi Jumapili inayofuata.

Ombi langu nalitaja mapema. Naomba kanuni za hakimiliki ziseme kinagaubaga kwamba gazeti likinunua kazi kwa mwandishi asiye mwajiriwa wake, limenunua ruhusa ya kuichapa katika toleo lile. Matumizi mengine yote, yawe ya tovuti ya kulipia, ya programu ya simu, ya kusomwa kwa sauti au ya namna nyingine itakayokuja, yabaki mikononi mwa mwandishi mpaka atakapoyauza kwa maandishi na kwa bei iliyotajwa. Pale mapatano yaliponyamaza, kimya hicho kihesabiwe upande wa mtunzi.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Niliwahi kutoa hadithi ya mfululizo kuhusu familia ya kambi ya mkonge, upande wa Ngomeni, baba manamba wa zamani na watoto wanaotaka kuondoka kambini. Gazeti liliichapa mpaka mwisho na likanilipa. Malipo ya sehemu moja hayakufika nauli ya basi ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, lakini tulikubaliana na nikapokea, sina lawama kwa hilo. Baada ya muda mrefu nilikuwa kwenye banda la chipsi hapa Ngamiani, kijana anayekaanga ameweka simu juu ya kabati la vioo, inasoma simulizi kwa sauti. Nikaisikia familia yangu. Nikadhani labda ni kufanana tu, mpaka msomaji akafika sehemu ya saba. Gazetini, sehemu ya saba ilitoka na kosa la chumba cha habari: baba wa familia, Mzee Sefu, aligeuzwa Mzee Saidi kwa aya mbili, kisha sehemu ya nane akarudi kuwa Sefu. Sauti ile nayo ikasema Saidi, kwenye aya zile zile mbili, halafu ikarudi Sefu. Katikati likapita tangazo la mikopo ya simu. Yule kijana aliponiona nimekodoa macho akaniambia, "Hii kali, mzee, ina sehemu nyingi, subiri uone mama anavyofanya." Jina la mtunzi halikutajwa mwanzo wala mwisho.

Nilipofuatilia, nikaelezwa kwamba gazeti lenyewe ndilo lililoitoa. Hadithi imo pia kwenye programu yao ya simu: sehemu ya kwanza unasoma bure, kuanzia ya pili unalipia kwa pesa za simu, sehemu kwa sehemu. Wenye kituo cha simulizi, ile sauti niliyoisikia bandani, waliipata kwa gazeti kwa mapatano ambayo mimi sikuyaona. Nilipouliza haki yangu iko wapi, jibu lilikuwa kwamba hadithi "ilishanunuliwa". Mwanasheria wao akaongeza swali: "Kwani uliisajili wapi?"

Niruhusuni nianze na hilo la usajili, maana linawatisha wengi. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa kulinda kazi za watunzi, tangu 1994, na mkataba huo unasema haki ya mtunzi haifungwi na sharti la kusajili wala la kujaza fomu. Kazi ikishatungwa na kuandikwa ina mwenyewe. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na inampa yeye uamuzi wa nani anakili kazi yake, nani aitafsiri, nani aifikishe kwa umma. Cheti cha COSOTA kinasaidia sana ushahidi ukihitajika, na nawahimiza wenzangu wasajili, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini gazeti kumuuliza mtunzi cheti wakati wao wenyewe walipokea kazi kwa mkono wake na kuichapa kwa jina lake ni kumtafutia tu njia ya kumnyamazisha.

Sasa hili la "ilishanunuliwa". Mtu aliyekodi mashua kwa safari moja ya Pemba hajainunua mashua. Mimi nilipokea malipo ya Jumapili fulani, ukurasa fulani, pembeni kuna mafumbo ya maneno na matangazo ya waganga. Sikupokea malipo ya programu ya simu, na wakati tunapatana hakuna aliyetaja programu ya simu.

Wenzetu wameshalipeleka jambo hili mahakamani mpaka ngazi ya mwisho, na naomba mlisome kwa makini kabla halijatufika na sisi. Mwaka 1993 nchini Marekani, Jonathan Tasini, aliyekuwa rais wa chama cha waandishi cha National Writers Union, yeye na wenzake waliwashitaki wamiliki wa New York Times, Newsday na Sports Illustrated. Washitaki wote walikuwa waandishi wa kujitegemea kama mimi. Kesi yao ilihusu makala 21 zilizotoka kati ya 1990 na 1993. Magazeti yalikuwa yameziingiza kwenye hifadhidata ya kulipia ya NEXIS na kwenye CD-ROM, waandishi hawakuulizwa wala kulipwa zaidi. Mwaka 1997 walishindwa, kwa hukumu ya Jaji Sonia Sotomayor. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikaipindua hukumu hiyo. Tarehe 25 Juni 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa waandishi ushindi, majaji saba kwa wawili, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg.

Hoja iliyowapa ushindi ni ya kawaida kabisa, mtu yeyote anayesoma gazeti anaielewa. Sheria yao inamruhusu mchapishaji kuitoa tena makala ikiwa ndani ya gazeti lile lile au toleo lake lililorekebishwa. Wachapishaji wakasema hifadhidata ni gazeti lile lile katika sura mpya, kama vile mikrofilamu za maktaba, yaani filamu zenye picha ndogo za kurasa za magazeti. Mahakama ikaangalia kile anachokiona msomaji. Kwenye mikrofilamu unaona ukurasa mzima: kichwa cha gazeti, picha, tangazo, makala ya jirani. Kwenye hifadhidata unatafuta neno, inakuja makala moja peke yake, imekatwa kutoka kila kilichokuwa kimeizunguka. Basi kinachouzwa pale ni makala, na makala ina mwenyewe.

Ipimeni hadithi yangu kwa kipimo hicho. Gazeti likipiga picha kurasa zake zote na kuziweka mtandaoni kama lilivyotoka, mimi sitagombana nalo. Jumapili ile ni yao, na ukurasa ule ni wao. Lakini kwenye programu ya simu hakuna ukurasa tena. Kuna hadithi yangu, imetengwa, imepewa picha mpya ya jalada, ina bei yake. Kwenye banda la chipsi haikuwepo hata herufi moja ya gazeti. Kulikuwa na sauti ya mtu, maneno yangu na tangazo la mikopo.

Ushindi wa Tasini, hata hivyo, una upande wa pili ambao ndio hasa unaonifanya niwaandikie nyinyi badala ya kwenda kwa wakili. Kwanza, New York Times ilijibu kwa kufuta. Ilitangaza kuondoa kwenye hifadhi yake makala zipatazo 115,000 za miaka ya 1980 hadi 1995, na mwandishi aliyetaka yake ibaki alitakiwa kukubali bila malipo. Mwanafunzi au mtafiti aliyezihitaji hakuwa na kesi na mtu, lakini naye akapoteza. Pili, tangu 1995 gazeti hilo lilikuwa limeshaanza kuwataka waandishi wa kujitegemea wasaini kuachia haki za kielektroniki, la sivyo wasiandike. Kwa hiyo ushindi wa 2001 ulilinda kazi za zamani. Kwa kazi mpya, mwenye gazeti alishajikinga kwa mkataba. Tatu, fedha. Kesi ya pamoja ya waandishi maelfu iliyofuata ilifikia suluhu mwaka 2005, ikiwa na ukomo wa dola milioni 18. Ikaangushwa kwenye rufaa, ikafika tena Mahakama ya Juu mwaka 2010 kwa hoja ya usajili, ikarudishwa, ikaangushwa tena mwaka 2011, kwa sababu wale ambao hawakusajili kazi zao ndio waliopangiwa fungu dogo na ndio ambao wangepunguziwa kwanza fedha zikipungua. Hundi zilitumwa mwaka 2018. Kutoka 1993 mpaka 2018! Mtu aliyefungua kesi mtoto wake akiwa tumboni alilipwa mtoto ameshamaliza chuo. Hapa kwetu, mwandishi anayelipwa kwa habari moja moja atapata wapi ubavu wa kusubiri hivyo?

Kanada nao walikuwa na yao. Mwandishi Heather Robertson alilishitaki kundi la Thomson, lililokuwa likimiliki Globe and Mail, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya huko ikaamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba kumiliki gazeti hakumpi mchapishaji haki ya kuziweka makala za wasio waajiriwa kwenye hifadhidata bila ruhusa. Ni kura moja tu iliyotenganisha haki na dhuluma. Sipendi riziki yetu itegemee kura moja wakati kanuni ya aya mbili ingeweza kulimaliza.

Mheshimiwa Waziri, wizara yako haihitaji kufundishwa maumivu haya. Hamis Mwinjuma, mbunge wa Muheza kuanzia 2020, aliyeteuliwa mwaka 2023 kuwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo, ndiye yule MwanaFA ambaye pamoja na mwenzake AY waliishitaki kampuni ya simu kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa yao. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2, na kesi ikaendelea ngazi za rufaa. Wimbo ulitungwa kwa matumizi mengine, teknolojia ikaleta matumizi mapya, mwenye mtambo akayachukua bila kuuliza. Hadithi ya mfululizo iko kwenye njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wasanii wanaojulikana nchi nzima. Dada mmoja wa Pangani ninayefanya naye kazi, anayeandika kuhusu akina mama wanaolima mwani, hajulikani hata na wanaonunua gazeti, kwa sababu habari zake nyingi zilitoka kwa jina la "Mwandishi Wetu, Tanga". Alitembea kwenye tope la maji kupwa na wale akina mama, akapiga picha, akahesabu nao magunia, akaandika. Leo makala yake ipo kwenye tovuti ya kulipia na jina halipo. Sheria ya 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kama mtunzi, na haki hiyo haiishi eti kwa sababu malipo yalishatolewa. Nauliza, gazeti linapoteza nini likiandika jina la mtu?

Najua wamiliki watasema nini, na sehemu ya wanayosema ni kweli. Magazeti yanauza nakala chache kuliko zamani, karatasi ni ghali, matangazo yamehamia kwenye simu. Sitaki gazeti life. Likifa, nami sina pa kuandika. Lakini mwenye gazeti analipia umeme, analipia mtambo, anamlipa fundi aliyetengeneza programu ile ya simu, anamlipa mtu wa kupiga rangi jalada. Haiwezekani anayeambiwa avumilie kwa ajili ya uhai wa gazeti awe ni yule tu aliyetunga kinachouzwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Ndiyo maana siombi kazi zifutwe. Naomba kabisa zisifutwe. Watoto wa shule za hapa wanatafuta makala za zamani kuhusu mkonge, bandari na mapango ya Amboni, na mahali pengi wanapozipata ni mtandaoni. Mji huu una historia ya uandishi: gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilikuwa likichapwa hapa Tanga kuanzia 1904, likiletewa habari na walimu na makarani waliokuwa wametawanyika vituoni, na kabla yake wamisionari wa Magila walikuwa na gazeti lao. Itakuwa aibu kubwa kama ugomvi wa malipo utaacha shimo kwenye kumbukumbu za nchi. Kazi ibaki, jina la mtunzi lirudi, na fedha inayopatikana igawanywe. Mimi napendekeza nusu kwa nusu kwa kinachobaki baada ya gharama zinazoonekana, na hesabu itolewe kwa mwandishi kila miezi sita. Kama nusu ni nyingi, tukae tuzungumze. Sifuri haina cha kuzungumzia.

Kanuni hiyo isitaje mtambo mmoja mmoja. Kesi ya Marekani ilihusu CD-ROM, na leo vijana wengi hawajawahi kuishika. Mkisema "tovuti", kesho watauza kwa sauti. Mkisema "sauti", keshokutwa watauza kwa namna ambayo hatujaiona. Iseme: kila matumizi ambayo hayakutajwa kwa maandishi ni ya mtunzi.

Kisha kuna ule mlango uliotumika kule, wa mkataba wa kusaini haki zote. Hapa ndipo nina wasiwasi mkubwa kuliko kote. Mkitoa kanuni leo, kesho asubuhi kila mwandishi wa mkoani atatumiwa karatasi yenye sentensi moja: "Naachia haki zote, za sasa na za baadaye, duniani kote." Atasaini, kwa sababu nyumbani kuna watu wanasubiri. Kwa hiyo naomba haki za mtandaoni zitajwe bei yake peke yake, isichanganywe na ya kuchapa. Ziwe na muda, mathalani miaka mitatu, kisha zirudi kwa mwenyewe. Na mkataba uwe kwa Kiswahili. Naomba pia iwe marufuku kumnyima mtu nafasi ya kuchapwa kwa sababu tu amekataa kuuza za mtandaoni. Najua hilo la mwisho ni gumu kulithibitisha. Lakini likiandikwa, mhariri mwenye utu atakuwa na kitu cha kumwonyesha bosi wake, na wahariri wenye utu tunao.

Kwa Mtendaji Mkuu wa COSOTA nina mawili. Baada ya mabadiliko ya sheria ya 2022, ofisi yako imeacha kuwa chama, na kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kazi yake inapotumika, imefunguliwa kwa kampuni za watunzi wenyewe. Mwaka 2023 ikaja tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vinavyobeba na kunakili kazi. Wanamuziki na watu wa filamu wanasikika kwenye mambo hayo, na wanastahili. Naomba waandishi wa magazetini tuwekewe kiti mezani kwa maandishi, hadithi na makala zikitajwa kwa majina yake, maana asiyekuwepo na lake halipo.

La pili ni mahali pa kulalamikia. Kumwambia mtu wa Lushoto au wa Pangani asafiri mpaka Dar es Salaam kudai malipo yaliyo madogo kuliko gharama za safari ni kumwambia asidai. Afisa Utamaduni wa Jiji yupo hapa Tanga, na wilaya nazo zina maofisa wao. Wapewe fomu moja na mamlaka ya kumwandikia mchapishaji barua ya kumtaka ajibu ndani ya siku 30. Migogoro mingi ya namna hii itaishia hapo, kwa sababu gazeti linalopuuza simu yangu halitapuuza barua yenye mhuri wa serikali.

Nimeyatunza magazeti yote yenye hadithi yangu, sehemu ya kwanza mpaka ya mwisho, pamoja na ujumbe wa simu wa mhariri na rekodi ya simulizi ile ya sauti. Dada wa Pangani naye ana daftari lake la safari na picha zake zenye tarehe. Niko tayari kuvileta mbele yenu, au mbele ya ofisa mtakayemtuma Tanga, gazeti husika likiwepo nalo lijieleze. Naomba majibu kwa maandishi, na naomba rasimu ya kanuni ikianza kuandaliwa, waandishi wa mikoani tuitwe kutoa maoni kabla haijasainiwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi wa kujitegemea,
Ngamiani, Tanga.